Soba yetu haitaki dawa yoyote, sasa tuna wateja wanaosikia sauti. Tufanyeje?

Mlezi wa Soba (Tanga)

Wadau, salaam. Nauliza kwa niaba ya nyumba ya upataji nafuu yenye vitanda 22. Tangu tulipofungua kanuni ni moja: ukivuka geti, hakuna kidonge, hakuna sigara, hakuna ugoro. Kwa vijana wa unga imesaidia, maana vidonge vikiingia ndani vinageuka biashara. Ila siku hizi tunaletewa watu ambao juu ya bangi au pombe wana ugonjwa wa akili, na ndugu wanakuja na mfuko wa dawa za hospitali mkononi. Kwa leo wapo watatu.

Wa 1, miaka 23. Bangi kila siku, mirungi mwisho wa wiki. Katoka wodini na olanzapini (dawa ya akili) 10 mg usiku, na hiyo tuliamua tusiikate. Alikuwa anavuta pakiti moja ya sigara kwa siku. Leo ni siku ya 9 hajavuta. Siku za mwanzo alikuwa vizuri. Sasa analala mpaka saa 5 asubuhi, udenda unamtoka, akisimama anapepesuka. Dozi ni ile ile.

Wa 2, miaka 41. Gongo kila siku kwa miaka mingi. Kaletwa jana jioni, alikunywa mara ya mwisho jana asubuhi. Leo mikono inatetemeka, jasho linamtoka, anasema kuna watu wanamsema nje ya ukuta. Hajala. Ndugu wameacha klorpromazini za 100 mg wakasema akisumbua apewe mbili.

Wa 3, miaka 29. Skizofrenia ya muda mrefu, anachomwa sindano ya Modecate kila mwezi. Kilichomleta ni bangi. Kila jioni anaomba Artane, kidonge cha kupunguza madhara ya sindano, asipopata hakai chini. Wenzake wanasema anaitaka kwa ajili ya stimu tu.

Nani kati ya hawa ni wa haraka? Kanuni yetu inawafaa watu kama hawa? Na tunajuaje kama sauti ni za bangi au ni za ugonjwa wenyewe, maana kila ndugu anataka jibu hilo siku ya kwanza.

Tabibu wa afya ya akili

Mlezi, wa 2 aende hospitali sasa hivi, hata kabla hujamaliza kusoma hapa.

Hesabu masaa tangu glasi ya mwisho, usihesabu tangu alipofika kwenu. Kwa mnywaji wa kila siku, mitetemo na jasho huanza baada ya masaa 6 hadi 8. Degedege hutokea zaidi kati ya masaa 12 na 48. Hatua mbaya kabisa huja siku ya 2 hadi ya 4: mtu anapotea hajui siku wala mahali, anaona wadudu ukutani, mwili unachemka, moyo unakwenda mbio. Asipotibiwa anaweza kufa. Huyo wenu yuko katikati kabisa ya masaa ya degedege.

Wakati usafiri unatafutwa, mnyooshee mikono mbele, viganja chini, vidole vimetanuka, uweke karatasi moja nyembamba juu ya vidole. Karatasi itakuonyesha mtetemo ambao jicho halioni. Mwambie atoe ulimi, uangalie kama nao unatetemeka. Pima joto na mapigo ya moyo. Muulize leo ni siku gani, hapa ni wapi, nani kamleta. Andika majibu na saa uliyouliza, karatasi hiyo iende naye. Akijibu vizuri sasa na baada ya masaa 3 akashindwa, hapo mapokezi wana jambo la kulifanyia kazi mara moja.

Zile klorpromazini msimpe. Watu hukosea hapa kwa nia njema kabisa: wanaona mtu anasikia sauti, wanampa dawa ya sauti. Lakini kinachomsumbua sasa ni mwili uliozoea pombe na umenyang'anywa ghafla. Klorpromazini haitibu hilo, inashusha presha, na inaurahisishia ubongo kupata degedege. Kinachotakiwa ni diazepamu kwa kipimo cha tabibu, inayopunguzwa siku hadi siku kwa takriban wiki moja, pamoja na thiamini, yaani vitamini B1, 100 mg kwa siku. Kama watataka kumtundikia dripu ya sukari, muulize muuguzi kwa upole kama thiamini imetangulia. Mnywaji asiyekula akiba yake ya B1 imekwisha, na sukari ikiingia peke yake inamalizia kidogo kilichobaki na kuudhuru ubongo.

Akipata degedege njiani: alazwe ubavu, asiwekewe kijiko mdomoni, asibanwe. Mapokezi waambiwe anakunywa kiasi gani kwa siku, alikunywa saa ngapi mara ya mwisho, kama aliwahi kupata degedege, kama ameanguka na kuumia kichwa. Waombe wapime sukari na malaria pia, kwa sababu homa na kuchanganyikiwa kwa ghafla huku kwetu kuna sababu nyingi.

Na kwa wasomaji wengine: mtu wa gongo wa kila siku asifungiwe chumbani "akauke". Bangi na mirungi mtu anaweza kuacha siku moja, atateseka kwa hasira, njozi na kukosa raha, lakini mwili hautaanguka. Pombe na vidonge vya usingizi ni habari nyingine.

Mlezi wa Soba (Tanga)

Ameshaondoka na bodaboda, kijana wetu mmoja kakaa nyuma yake kumshika. Joto 38.1, mapigo 124. Alijua siku, hakujua mahali. Asante sana.

Mfamasia

Mmefanya vema. Mtu wa namna hiyo mkipata bajaji au gari ni salama zaidi, degedege juu ya pikipiki ni ajali ya watu watatu.

Wa 1 sasa. Nina hakika kubwa kwamba shida ni sigara mliyoiondoa.

Ini lina kimeng'enya kinachovunja olanzapini. Moshi wa tumbaku unakiamsha kifanye kazi kupita kawaida, kwa hiyo mvutaji wa pakiti kwa siku anaipoteza dawa haraka na dozi yake hupangwa juu ya hali hiyo. Akiacha kuvuta, kimeng'enya kinatulia ndani ya takriban wiki moja, na vidonge vile vile 10 mg vinakuwa vingi mwilini. Ndiyo maana siku za mwanzo alikuwa vizuri. Ingekuwa ni uchovu wa kuacha mirungi, angelala sana siku 3 au 4 za kwanza kisha angeamka; huyu kaenda kinyume.

Kinachofanya hivyo ni moshi, nikotini haihusiki. Kwa hiyo ugoro, kuberi au bablishi ya nikotini haviigusi dawa kabisa. Moshi wa bangi unafanya kama wa sigara, na vijana wengi huchanganya vyote kwenye msokoto mmoja, kwa hiyo huyu ameacha viwili kwa mpigo.

Hatua: msiache dawa wala msiikate wenyewe. Mpigie aliyeiandika, umwambie neno kwa neno: "alikuwa anavuta sigara 20 kwa siku, ameacha siku 9, sasa analala kupita kiasi na anapepesuka." Kawaida dozi hushushwa kama robo, yaani kutoka 10 mg hadi 7.5 mg, kidonge cha 5 mg kimoja na nusu. Usiku wa leo asilale kitanda cha juu, na asubuhi akae kitandani dakika 2 kabla ya kusimama, presha inashuka mtu anapoinuka ghafla. Akiwa hata haamki vizuri mkimwita, hiyo ni safari ya hospitali.

Mtego uko siku anayotoka kwenu. Siku ya kwanza mtaani atawasha sigara, ini litaamka tena, na baada ya wiki moja ile 7.5 mg itakuwa ndogo. Sauti zitarudi na kila mtu atasema "ni bangi". Barua yenu ya kumruhusu iwe na mstari unaosema alikuwa havuti alipokuwa kwenu na dozi ilishushwa kwa sababu hiyo.

Mkipokea mtu wa klozapini, dawa nyingine ya akili, sheria hii ni kali zaidi. Klozapini ikizidi inaleta degedege. Huyo asiachishwe sigara kabla daktari hajapanga dozi. Flufenazini, ndiyo iliyomo ndani ya Modecate, nayo moshi huipunguza. Kwa hiyo wa 3 wenu naye amepandishwa dawa bila kujua kama alikuwa mvutaji. Risperidoni haina tatizo hilo.

Moja la ziada kwa sababu mna vijana wa unga: aliye kwenye methadoni (dawa wanayopewa wanaoacha unga) akiandikiwa karbamazepini (dawa ya degedege), methadoni inavunjwa haraka na arosto, yaani mateso ya kukosa unga, inampata ingawa anakunywa dozi yake kila siku. Ataonekana mkorofi, kumbe ni dawa mbili zimegombana. Waambieni kliniki ya methadoni kila kidonge anachomeza.

Muuguzi wa akili

Nimsemee wa 3, maana nahofia mmemhukumu mapema.

Mwangalieni akiwa amekaa kwenye benchi, asijue anaangaliwa. Je, miguu inapiga hatua akiwa amekaa? Anavuka mguu, anaushusha, anavuka mwingine, anainuka, anazunguka, anarudi, anakaa ukingoni? Akisimama anahamisha uzito mguu huu na ule kama mtu anayesubiri choo? Muulize: "Kutotulia huku kuko mwilini au mawazoni?" Wengi watasema mwilini, miguuni hasa, na kwamba kutembea kunapunguza kidogo. Hiyo ni athari ya dawa ya sindano. Inatesa vibaya, watu wamejiua kwa ajili yake, na ni sababu kubwa ya watu kukimbia sindano na kurudia bangi ili wapate kutulia. Kama ameacha sigara kwenu, maelezo ya mfamasia hapo juu yanaongeza uzito.

Ajabu ni kwamba Artane siyo dawa nzuri ya hiyo hali. Artane inasaidia shingo iliyopinda, ulimi mzito, macho yaliyokwama juu, mikono inayotetemeka na mwili uliokakamaa. Kwa kutotulia, daktari hupunguza dozi ya sindano au huongeza propranololi, mradi mgonjwa hana pumu. Kwa hiyo huenda anaomba Artane kwa sababu ndiyo jina pekee analolijua.

Lakini wenzake nao hawasemi uongo. Artane inatafutwa mtaani na inampa mtu stimu. Vikizidi: mdomo mkavu, mboni za macho zimepanuka, mkojo unakwama, halafu anaona vitu visivyokuwepo na kushika hewa kwa vidole. Hapo mtu wa skizofrenia anaonekana "amerudiwa" na anaongezewa sindano, ambayo inaleta ukakamavu zaidi, ambao unaleta Artane zaidi. Nendeni mkaangalie mboni zake kabla ya jioni na baada ya jioni.

Utaratibu unaozuia mchezo: kama imeandikwa, inatolewa asubuhi na mchana, usiku haitolewi kwa sababu inafukuza usingizi. Mgonjwa anameza mbele yako na maji glasi nzima, anafungua mdomo, anainua ulimi, anakaa na watu dakika 15. Kopo linabaki kwa mlezi kwenye sanduku la kufuli, vidonge vinahesabiwa kila zamu na namba inaandikwa na watu wawili.

Kuhusu kanuni yenu. Wanaofuata hatua 12 (mpango wa vikundi vya kuacha vilevi) huutumia kama sababu ya kukataa dawa, lakini AA wenyewe (Alcoholics Anonymous, vikundi vya wanaoacha pombe), waliokuwepo tangu 1935, wana maandiko yanayosema wazi kwamba mwanachama asijifanye daktari wa mwenzake na kwamba kuacha dawa za akili kumewaumiza watu. Badilisheni neno moja tu: badala ya "hakuna kidonge", iwe "hakuna kidonge kisicho na karatasi". Wapokeeni kwa barua ya kliniki inayotaja jina la dawa, kiasi, saa, tarehe ya sindano ijayo na namba ya mratibu wa afya ya akili wa wilaya. Asiye na barua asilale kwenu mpaka apatikane wa kumpigia.

Mlezi wa Soba (Tanga)

Nimemwangalia nusu saa. Miguu haitulii kabisa, hata wakati wa kula anakula amesimama. Mboni ziko kawaida. Kesho anaenda kliniki. Ahsante muuguzi, hatukulijua hili.

Mzazi

Samahani kuingilia, lakini mada hii inatugusa wengi. Kijana yupo nyumbani, anameza risperidoni usiku. Akinywa bia Jumamosi, dozi ya usiku huo irukwe? Na vipi kumwekea dawa kwenye chai akikataa?

Tabibu wa afya ya akili

Mzazi, isirukwe. Hili la "amekunywa, asimeze" limerudisha watu wengi wodini kuliko bia zenyewe. Jumamosi anaruka kwa sababu ya bia, Jumapili kwa sababu ya uchovu, Jumatatu amezoea kutomeza. Bia 2 na risperidoni zitamletea usingizi mzito na kizunguzungu. Alale ubavu, asiendeshe chombo, mmwangalie. Usimpe kama amelewa hadi hawezi kukaa au haamki vizuri; mngoje azinduke. Vidonge ambavyo havichanganywi na pombe hata kidogo ni diazepamu, fenobabitoni na jamii yake, pamoja na methadoni, kwa sababu vikiungana pumzi inapungua mpaka inakoma.

Chai, hapana. Haloperidoli ya maji ikitiwa kwenye chai au kahawa huganda, hujui ameipata kiasi gani. Kubwa zaidi ni hili: siku moja shingo itapinda au ulimi utakakamaa mdomoni kwa athari ya dawa, na mtu ambaye amekuwa akiwaambia kwa mwezi mzima kwamba mnamwekea sumu atakuwa amesema kweli. Baada ya hapo hatakula tena chakula cha mama yake, na daktari akiuliza "anameza dawa?" jibu lake litakuwa hapana, dozi itapandishwa juu ya ile msiyoisema. Mtu anayekataa vidonge aulizwe kwanza vinamfanyaje. Wanaume wengi watakuambia nguvu za kiume, wengine unene, wengine usingizi. Kila moja lina la kufanya: kubadili dawa, kupunguza, kuhamisha saa, au sindano ya mwezi ambayo inaondoa ugomvi wa kila usiku.

Muuguzi, Mombasa

Hamjambo ndugu zetu wa Tanga. Niongeze la mirungi, maana huku pwani ya Kenya ni muguka, ile ya majani madogo itokayo Embu, bei yake ya chini, na vijana wa shule wanaifikia. Mei 2024 kaunti ya Mombasa iliipiga marufuku na mahakama ikalisimamisha katazo, kwa hivyo msingoje sheria iwafanyie kazi. Kwenu Tanzania imekatazwa na bado inaingia.

Kilichomo ndani ni kathinoni, inayomwaga kemikali iitwayo dopamini ubongoni. Dawa za sauti kazi yake ni kuizuia hiyo dopamini. Kwa hivyo mtu akitafuna kuanzia alasiri hadi usiku, kidonge cha saa 3 usiku kinakuja kushindana na majani ambayo bado yako shavuni. Kumwongezea kidonge hakufai kitu mpaka masaa yale yaguswe. Kama hawezi kuacha leo, mwombeni aache kutafuna ifikapo saa 10 jioni. Ni hatua ndogo lakini inarudisha usingizi, na usingizi ndio unaovunjika kwanza. Mtu aliyelala masaa 3 kwa usiku 3 mfululizo, hata kama bado anaongea vizuri, apelekwe kliniki bila kungoja aanze kufukuza watu.

Jani bichi linapoteza nguvu baada ya siku 2 au 3, ndiyo sababu hufungwa kwa majani ya mgomba na hununuliwa kila siku. Maana yake ni pesa ya kila siku. Pesa ya mfukoni inayotolewa kila asubuhi ni pesa ya muguka. Kaeni naye mkubaliane, akiwa ametulia na bila kumdhalilisha, itolewe mara moja kwa wiki, au sehemu ilipwe moja kwa moja kwa kinyozi na muuza chakula.

Mtu akishindwa kulala kwa muguka hutafuta cha kumshusha, pombe au bugizi (vidonge vya usingizi vya mtaani). Akiwa anameza bugizi kila siku msimkatize ghafla, degedege lake ni kama lile la gongo. Mwambieni tabibu idadi ya vidonge kwa siku, ashushe polepole. Na mtu aliyetoka mtaani akiwa na usingizi usioamshika, muulizeni rafiki zake alimeza nini kabla ya kusema "ni dawa za hospitali hizo".

Daktari wa akili

Nijibu lile la ndugu: bangi au ugonjwa?

Siku ya kwanza hakuna anayejua. Mwenye kuwaambia anajua, msimwamini. Tunachofanya ni kuangalia mpangilio wa wakati. Saikosisi (hali ya kusikia sauti na kuamini yasiyo ya kweli) iliyoletwa na kilevi kwa kawaida hupungua ndani ya siku au wiki, na tunatarajia iwe imekwisha mwezi mmoja baada ya kuacha. Ikidumu zaidi ya hapo akiwa msafi kweli, tunafikiria ugonjwa unaosimama wenyewe. Pia tunarudi nyuma: sauti au shuku zilikuwepo kabla ya bangi? Zilikuwepo ile miezi aliyokuwa bwenini au jela bila kuvuta? Alianza kujitenga, kuacha kuoga, kushindwa masomo mwaka mzima kabla? Mama na dada wa nyumba wanakumbuka haya kuliko mgonjwa.

Chukueni daftari la kaunta, mgawanye ukurasa safu nne: tarehe, alichotumia na kiasi, masaa aliyolala, alichosema au kufanya kisicho kawaida. Mstari mmoja kwa siku. Baada ya wiki 4 daftari hilo lina thamani kuliko maswali yangu yote ya dakika 20 kliniki.

Lakini hata jibu likiwa "ni bangi", msipumue. Denmark waliwafuatilia watu waliogunduliwa na saikosisi ya vilevi kwa kumbukumbu za taifa zima, na matokeo yalichapishwa 2018. Kwa waliopata saikosisi ya bangi, karibu nusu, asilimia 47, baadaye waligundulika kuwa na skizofrenia au ugonjwa wa hisia mbili (bipolar). Nusu ya waliopata skizofrenia waliipata ndani ya takriban miaka 3. Ndiyo maana kijana aliyepona "saikosisi ya bangi" bado anahitaji tarehe ya kurudi kliniki, na ndiyo maana neno "ni bangi tu" linanikera. Linawafanya ndugu waache dawa wiki ya pili na kumwachia kijana lawama badala ya matibabu.

Wakati mnasubiri jibu, matibabu yanaendelea. Mwanzoni dawa ni zile zile, sababu iwe ipi. Ikithibitika ni ugonjwa, dawa huendelea angalau miezi 12 baada ya dalili kuisha, hata kama bado anavuta. Tena anayevuta anaihitaji zaidi. Kumwambia "acha bangi kwanza ndipo tukutibu" ni kumwacha avute akiwa hana kinga yoyote.

Muulizeni pia bangi inamfanyia nini. Atawaambia inapunguza sauti, au inamletea usingizi, au kijiweni ndiko pekee wanakomwita kwa jina lake. Majibu haya matatu yanataka vitu vitatu tofauti: dozi ipitiwe upya, usingizi utibiwe, au apate mahali pa kukaa mchana penye watu. Mhubiri mmoja kwa wote watatu hataambulia kitu.

Kuna moja la kuogopa ambalo halihusiani na kilevi: akiwa kwenye dawa hizi, hasa siku chache baada ya sindano au dozi kupandishwa, akapata homa, mwili mgumu kama ubao, jasho na kuchanganyikiwa, dawa zisimamishwe na aende hospitali usiku huo huo. Msimkande maji na kungoja asubuhi.

Mlezi wa Soba (Tanga)

Habari: wa 2 amelazwa, anatetemeka kidogo tu, sauti zimepungua. Wa 1 kashushwa hadi 7.5 mg. Uongozi umekubali kanuni mpya ya karatasi, na sanduku la kufuli limenunuliwa leo. Swali la mwisho: tunavyo vijiti vya mkojo. Wa 3 amepimwa leo, siku ya 19, bado kinaonyesha bangi. Kanuni yetu inasema aondoke.

Muuguzi wa akili

Asiondoke kwa kijiti hicho. Aliyevuta mara moja moja husafika kwa siku 3 hivi, lakini mvutaji wa kila siku anaweza kuonyesha bangi hadi siku 30 au kupita, kwa sababu inajificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo. Siku ya 19 hakijasema lolote kuhusu jana. Pimeni siku ya kuingia, kisha kila wiki, muangalie kama kinafifia mpaka kusoma hapana, na hapo ndipo chanya mpya inakuwa na maana. Kijiti cha bangi hakiwaambii chochote kuhusu mirungi wala Artane.

Na kabla hamjapanga tarehe yoyote ya yeye kutoka, angalieni kadi yake ya sindano. Kama Modecate ijayo ni tarehe 28 na nyie mnamruhusu tarehe 26, anaenda mtaani dawa ikiwa chini kabisa mwilini. Achomwe kwanza, akae kwenu siku 2 au 3 muone shingo na miguu, kisha ndugu yake aje kumchukua na ile barua.